Kuku wa Sokoni na Bakteria Sugu: La Kufanya Kuanzia Bandani hadi Jikoni

"Kuku wa siku hizi ni dawa tupu. Tuwale au tuwaache?" Swali hili huulizwa na akina mama wanaonunua kuku Kisutu na Shekilango jijini Dar es Salaam, na huulizwa vilevile Burma jijini Nairobi. Wafugaji nao wana lao: "Nisipowapa dawa watakufa wote. Mnataka nile hasara?"

Kuku mleni. Kuku aliyeiva sawasawa hana bakteria hai, wawe sugu au wasiwe sugu. Hatari iko kabla hajaiva: kwenye mikono yako, kisu, ubao wa kukatia, beseni, na kachumbari iliyokatwa pembeni. Na chanzo cha hatari hiyo kiko mbali zaidi, bandani, pale antibayotiki inapomiminwa kwenye maji ya kuku bila mtu kujua wanaumwa nini.

Makala hii inawahusu wote watatu: anayenunua, anayepika na anayefuga. Soma sehemu yako kwanza, kisha mpe mwenzako yake.

## Tenganisha mambo mawili

Tukisema "kuku ana dawa" tunachanganya mambo mawili ambayo kinga zake ni tofauti.

- Mabaki ya dawa. Kuku amepewa antibayotiki, akachinjwa kabla dawa haijatoka mwilini. Mabaki hubaki kwenye nyama, ini, figo au mayai. Moto wa jikoni hupunguza baadhi tu, kwa hiyo usiutegemee. Mwenye uwezo wa kuzuia hili ni mfugaji.
- Bakteria sugu. Hawa ni vimelea kama E. koli, salmonela na kampilobakta waliozoea dawa hadi haiwaui tena. Moto huwaua kabisa, ila wanaweza kukufikia mapema kupitia mikono na vyombo. Hapa mnunuzi na mpishi wana nguvu kubwa.

Kuku anaweza kuwa na kimoja, vyote viwili, au asiwe na chochote. Huwezi kujua kwa kumtazama. Ndiyo maana tunashauri umchukue kila kuku mbichi kana kwamba anao bakteria hao.

## Kwa nini tusilipuuze

Mwaka 2019 pekee, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi. Nyumbani kwako jambo hili huonekana hivi: mtoto anaharisha damu, anapewa dawa ya kwanza, haisaidii, anapewa ya pili, haisaidii, mwishowe analazwa achomwe sindano za bei kubwa. Si kila usugu unatoka kwa kuku, kwa kuwa nasi binadamu tunatumia dawa ovyo. Lakini uchunguzi wa kuku wa sokoni katika nchi zetu umekuta mara nyingi E. koli wasioguswa na tetrasaiklini, ampisilini na dawa za salfa, yaani dawa zilezile zinazouzwa kwa wingi kwenye maduka ya mifugo.

Wengine walishachukua hatua. Marekani ilipiga marufuku antibayotiki ya enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005. Umoja wa Ulaya ulizuia antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliwataka wafugaji waache kuwapa wanyama wazima antibayotiki kwa ajili ya kuwakuza au kuwakinga. Enrofloksasini hiyo bado ipo kwenye makabati mengi ya wafugaji wetu.

## Sokoni: mchague kuku, mchague na muuzaji

Ukinunua kuku hai, tazama haya:

1. Macho maangavu, yasiyo na machozi wala uvimbe.
2. Pua kavu, na pumzi isiyokoroma. Msogeze karibu na sikio usikilize.
3. Manyoya ya nyuma masafi. Yakiwa yameshikana na kinyesi cha kijani, cheupe au chenye damu, mwache.
4. Anasimama na kupigapiga mabawa ukimshika. Aliyejikunja kwenye kona ya tenga ni mgonjwa, hata ukipunguziwa bei.

Ukinunua aliyechinjwa:

1. Nyama iwe na rangi ya kawaida, isiyo ya samawati wala wekundu mzito. Kuku ambaye damu haikutoka huenda ni kibudu.
2. Ngozi isiteleze kama yenye ute, na asiwe na harufu.
3. Tazama pipa la maji ya kunyonyolea. Maji yaliyogeuka uji wa damu na kinyesi tangu alfajiri hupaka kila kuku anayetumbukizwa humo. Omba maji mapya, au nenda meza nyingine.
4. Tazama meza ya kupasulia. Utumbo ukipasuka juu ya nyama, usichukue nyama hiyo.

Muulize muuzaji maswali matatu: kuku hawa wametoka kwa nani, walipewa dawa lini mara ya mwisho, na je, naweza kupata kwa mfugaji huyohuyo wiki ijayo? Huenda asijue majibu. Uliza tu. Muuzaji anayeulizwa na wateja kumi kwa siku ataanza kumuuliza mfugaji wake.

Kosa la kawaida: kumtia kuku mbichi kwenye kapu moja na nyanya, matunda na mkate. Beba mfuko wake peke yake, usiovuja, na umnunue mwisho kabla ya kurudi nyumbani. Kuku mbichi asikae kwenye joto zaidi ya saa mbili, na mchana wa joto kali la pwani, saa moja inatosha.

## Jikoni: hatua saba

1. Andaa kachumbari, matunda na chochote kisichopikwa kabla ya kumgusa kuku. Funika, weka mbali.
2. Tenga ubao na kisu cha nyama mbichi. Kama una kimoja tu, kata mboga kwanza, kuku baadaye.
3. Usimuoshe kuku chini ya bomba linalomwagika kwa nguvu.
4. Nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20 kabla ya kushika simu, mtoto, kopo la chumvi au mlango wa friji.
5. Pika hadi nyama karibu na mfupa wa paja isiwe na wekundu, na mchuzi utoke mweupe ukichoma kwa uma. Mwenye kipimajoto cha chakula atafute nyuzi 74 ndani ya nyama.
6. Osha ubao, kisu na beseni kwa sabuni, suuza, kisha vimwagie maji yanayochemka. Kitambaa ulichofutia maji ya kuku kichemshwe au kifuliwe hapohapo.
7. Usirudishe kuku aliyeiva kwenye sahani aliyokaa akiwa mbichi. Wachoma nyama wengi hukosea hapa.

Kwenye friji, kuku mbichi akae chini kabisa, kwenye chombo chenye mfuniko, asidondoshee chakula kingine. Na kumbuka kwamba barafu haiui bakteria. Huwalaza tu, na akiyeyuka wanaamka. Myeyushie ndani ya friji, au mtie kwenye mfuko uliofungwa ndani ya maji baridi, halafu umpike mara moja. Kumwacha juu ya meza toka asubuhi hadi jioni ni kuwafuga.

## Suala la kuosha kuku

Tunajua ubishi uliopo hapa. Wataalamu wengi wanasema kuku asioshwe, kwa kuwa maji yanayoruka hutawanya bakteria hadi kwenye vyombo vilivyo jirani. Nawe unajibu, kwa haki, kwamba kuku wa sokoni huja na manyoya, damu na michanga, atapikwaje hivyo?

Basi fanya hivi:

- Ng'oa manyoya na ondoa uchafu kwa mkono au kisu kwanza.
- Mtumbukize kwenye beseni pana lenye maji, taratibu, pasiwe na maji yanayoruka.
- Mwaga maji hayo chooni au kwenye shimo la maji machafu. Usiyamwage kwenye bustani ya mchicha wala mahali watoto wanapochezea.
- Osha beseni, sinki na mikono kwa sabuni.

Limau, siki na chumvi huondoa shombo na kuleta ladha. Haviui bakteria kiasi cha kukupa usalama. Vitumie kwa ladha, na usalama uuachie moto.

## Kwa mama lishe na wauza chipsi

Kazi yenu inalisha mamia, kwa hiyo kosa moja husambaa haraka.

- Usimkaange nusu asubuhi ukammalizia jioni. Moto wa nusu huacha bakteria hai katikati ya nyama, na kabati la kioo lenye vuguvugu huwazidisha. Mwivishe kabisa mara moja, kisha umpashe moto hadi atoe mvuke mteja akifika.
- Anayeshika kuku mbichi asikate kachumbari. Kama uko peke yako, kachumbari ikatwe mapema na ifunikwe.
- Weka ndoo yenye bomba, sabuni na maji ya kutosha karibu na jiko.
- Kataa kuku wa bei ya kutupa anayeletwa kimyakimya usiku. Mara nyingi ni mabaki ya banda lililopata ugonjwa.

## Kwa mfugaji: kabla hujakimbilia duka la dawa

Antibayotiki huua bakteria. Haigusi virusi. Pesa nyingi za wafugaji hupotea hapa, na usugu mwingi huzaliwa hapa. Jifunze kutofautisha:

- Mdondo, au kideri. Kinyesi cha kijani, shingo kupinda, vifo vya ghafla. Ni virusi. Hakuna dawa inayouponya, kuna chanjo.
- Gumboro. Hushika vifaranga, hasa kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita. Ni virusi. Kinga ni chanjo.
- Ndui ya kuku. Vipele kwenye upanga, macho na mdomo. Ni virusi. Kinga ni chanjo na kupambana na mbu.
- Koksidia. Kuhara damu, manyoya kusimama. Si bakteria wala virusi. Ina dawa zake, kama amproliamu, na maranda makavu ndiyo kinga kubwa.
- Mafua ya kuku. Uso kuvimba, makamasi yenye harufu. Ni bakteria, antibayotiki inaweza kuhitajika.
- Taifodi ya kuku. Homa, kinyesi cha njano, vifo vya polepole. Ni bakteria, nayo inahitaji mtaalamu.

Dalili hufanana, kwa hiyo usijitangazie ugonjwa mwenyewe. Mpigie daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata. Kuku akifa, mtie kwenye mfuko uliofungwa, mweke kwenye ubaridi, umpeleke maabara siku hiyohiyo. Tanzania ina vituo vya Wakala ya Maabara ya Veterinari katika kanda mbalimbali. Kenya ina maabara kuu ya veterinari Kabete. Gharama ya kupima kuku mmoja ni ndogo kuliko kununua chupa tatu za dawa zisizohusika.

## Dawa ikibidi: masharti sita

1. Dawa iliyoandikwa na mtaalamu kwa ugonjwa uliotambuliwa. Muuza duka anayekuuliza "una kuku wangapi?" pekee hajakutibia.
2. Kipimo kwa uzito na maji, kama lebo inavyosema. Kifuniko cha chupa na kijiko cha chai si vipimo.
3. Maji ya siku moja tu. Changanya kiasi watakachomaliza siku hiyo, na pasiwe na maji mengine bandani. Kumbuka siku za joto kuku hunywa zaidi, na dozi hupanda bila wewe kujua.
4. Maliza siku zote ulizoandikiwa. Kuku kuchangamka siku ya pili si ruhusa ya kuacha. Bakteria walionusurika ndio wenye nguvu, nao ndio watakaozaana.
5. Andika kwenye daftari: jina la dawa, tarehe ya kuanza, ya kumaliza, na ya kwanza kuruhusiwa kuuza.
6. Heshimu siku za kusubiri, yaani muda wa dawa kutoka mwilini kabla hujauza. Siku hizi huhesabiwa tangu dozi ya mwisho, na wengi huhesabu tangu ya kwanza. Kama dozi ya mwisho ilikuwa tarehe 10 na lebo inasema siku 7, uza kuanzia tarehe 18. Kwa kuku wa mayai, soma lebo kwa makini: dawa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga, na mayai ya siku za kusubiri hayauzwi wala hayaliwi.

Unasema: "Broila wangu wameumwa wiki ya nne, wiki ya tano ni mnada. Nikisubiri, chakula kitanimaliza." Ni kweli, kusubiri kuna gharama. Ndiyo sababu wiki ya nne si wakati wa kujaribu dawa. Mwite mtaalamu siku ya kwanza ya dalili, watenge wagonjwa, na umweleze waziwazi tarehe uliyopanga kuuza ili achague dawa yenye siku chache za kusubiri, kama ipo. Kundi lililokunywa maji ya dawa halina "wazima": wote wanasubiri.

## Makosa yanayorudiwa

- Kuwapa vifaranga wazima antibayotiki siku tano za kwanza "kuwafungua tumbo". Kifaranga mzima hahitaji. Mpe joto, maji safi, glukosi au vitamini kwa uchovu wa safari, na chakula kizuri.
- Kufungua vidonge vya watu, vile vya rangi mbili, na kuvimwaga kwenye maji ya kuku. Dozi ni ya kubahatisha, na unachezea dawa inayotibu familia yako.
- Kuchanganya dawa mbili au tatu kwa kuwa jirani alifanya hivyo.
- Kuchanganya antibayotiki na chokaa au maziwa. Kalsiamu hushikana na oksitetrasaiklini ikapunguza nguvu yake.
- Kuuza wagonjwa haraka kabla hawajafa. Unahamisha ugonjwa na bakteria hadi kwenye tenga la sokoni, ambako kuku wa mabanda mengine wanasubiri.

## Kinga inayopunguza haja ya dawa

1. Chanjo kwa ratiba. Wafugaji wengi wa Tanzania hufuata kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, na gumboro tena siku ya 28. Thibitisha na mtaalamu wako. Kwa kuku wa kienyeji, chanjo ya matone ya jicho inayostahimili joto hurudiwa kila baada ya miezi 3.
2. Maji ya chanjo yasiwe na klorini. Maji ya bomba yenye dawa huua chanjo. Tumia ya kisima safi au ya mvua.
3. Joto la vifaranga. Wiki ya kwanza, nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Wakijazana chini ya taa wana baridi. Wakikimbilia kuta wana joto.
4. Maranda makavu. Yakishikana ukiyafinya, yageuze au yabadilishe. Rekebisha vyombo vya maji vinavyovuja.
5. Nafasi na hewa. Banda linalokuchoma macho kwa harufu ya mkojo linaumiza mapafu ya kuku.
6. Viatu vya bandani pekee, visitumike kwingine. Mnunuzi na matenga yake wakae nje ya mlango.
7. Umri mmoja banda moja. Uza wote, safisha, pumzisha banda kama wiki mbili, kisha ingiza wapya.

Mbolea nayo ina mchango wake. Kinyesi kibichi kikimwagwa kwenye mchicha na matembele hupeleka bakteria sugu sokoni kwa njia nyingine. Kirundike, kilowanishe kidogo, kigeuze kila kinapopata joto, na kitumie kikiwa kimeoza na hakina harufu kali.

## Ukiharisha baada ya kula

Usikimbilie antibayotiki. Kuharisha kwingi huisha kwa kunywa maji ya ORS, na kwa mtoto, zinki kwa siku 10 hadi 14. Nenda hospitali haraka kama kuna damu kwenye choo, homa kali, macho kuzama au kushindwa kunywa, na hasa kwa mtoto mdogo, mjamzito au mzee. Ukiandikiwa antibayotiki, maliza, usimgawie mwingine, na usihifadhi iliyobaki.

## Mashaka tunayosikia mara kwa mara

"Mimi nakula wa kienyeji tu, sina shida." Kuku wa kienyeji hunywa maji ya mitaro, hula jalalani, na sokoni hukaa tenga moja na broila. Wengine hupewa vidonge vilevile. Mshike kwa tahadhari ileile.

"Basi nitanunua wa dukani aliyegandishwa." Ubaridi wake unasaidia, lakini naye hutoka kwenye mabanda ya wafugaji. Jikoni kanuni hazibadiliki.

"Tumekula hivi miaka yote, hatujafa." Unaweza kubeba bakteria sugu tumboni bila dalili. Hujitokeza siku unapougua jambo jingine na dawa ikakataa.

"Mtu mmoja atabadili nini?" Mnunuzi anayekataa kibudu na mfugaji mwenye daftari hubadili bei. Soko hufuata mteja.

## Anza wiki hii

- Mnunuzi: mfuko wa peke yake kwa kuku, na maswali matatu kwa muuzaji.
- Mpishi: kachumbari kwanza, kuku baadaye, mikono kwa sabuni.
- Mfugaji: daftari la dawa, namba ya mtaalamu kwenye simu, na chanjo ijayo iandikwe kwenye kalenda ya ukutani.

Kati ya haya, gumu ni kukaa bila kuwapa dawa pale kuku wanapodondoka na jirani anakuambia "wape tu". Kabla ya kufungua chupa, mpigie mtaalamu umweleze ulichokiona. Antibayotiki hizohizo ndizo atakazohitaji mtoto wako akipata homa ya mapafu, na zinabaki na nguvu kadiri tunavyoacha kuzitumia pasipo sababu.